Kamba ya Mkono kwenye Upinde: Kwa Mnaobaki Dukani

Wadogo zangu wa dukani, mmeniuliza swali hili mara nyingi, na mara nyingi nimewajibu kwa kunyanyua mabega na kuendelea kuzungusha uzi: mwindaji wa upinde afunge kamba ya mkono, au asifunge? Siku zote nilikuwa na mteja mbele yangu. Sasa nimestaafu. Chai iko mezani, mume wangu amelala kwenye kiti na televisheni inamwangalia, na mimi sina pa kukimbilia. Basi nitawajibu, ila mtanivumilia nianzie mbali, kwa sababu jibu lenyewe nimelipata juzi juzi tu, msimu wangu wa mwisho kazini.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mshahara ulikuja, ukalipa umeme na kodi ya nyumba, ukaenda zake. Cheo kikubwa nilichowahi kupewa ni ufunguo wa choo cha wafanyakazi, na huo nao nimeurudisha.

Kwa wale mtakaowasomea ambao hawajawahi kuushika upinde, kamba ya mkono ni kitu kidogo sana. Ni kipande cha ngozi au kamba iliyosukwa, kinafungwa mbele ya mpini wa upinde na kupita nyuma ya kiganja. Ukishaachia mshale, mkono unalegea, upinde unataka kuruka mbele, na kamba inauzuia usianguke. Basi, ni hivyo tu. Lakini nimewaona wanaume wazima wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya kitu hicho.

Mimi kwa asili ni mshonaji. Morogoro nilikuwa na cherehani barazani kwetu, nikishona sare za shule na magauni ya harusi, na ningalikuwa pale hadi leo kama mume wangu asingepata nafasi ya kusoma Buffalo, huku Marekani. Nikamfuata. Tulipanga Lower West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyokuwa ikilia upepo ukivuma, na cherehani yangu nikamwachia dada yangu. Mikono ikakosa kazi. Mtu aliyezoea kushika uzi kila siku, ukimnyang'anya uzi anaanza kuchomoa nyuzi za mapazia, na mimi mapazia ya mwenye nyumba niliyaanza.

Dukani kwa Mzee Ray niliingia kukimbia baridi. Nilikuwa nasubiri basi, theluji imenifika kwenye soksi, na duka la pinde lilikuwa mbele ya kituo. Ray alikuwa mzungu mzee mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alikuwa amekaa mezani akizungusha uzi mwembamba juu ya upote, yaani ule uzi mkubwa wa upinde, pale katikati panapokaa mshale. Alikuwa anauzungusha vibaya. Uzi ulikuwa unapandana, kisha unalegea, kisha anatukana kidogo na kuanza upya. Nikamtazama, nikavumilia, nikashindwa. Kiingereza changu enzi zile kilitosha kuombea maji tu, kwa hiyo nilinyoosha mkono. Akanitazama, akaitazama hijabu, akalitazama koti la mume wangu lililonifika magotini, akanikabidhi. Basi langu likapita. Lililofuata nalo likapita. Nilipomaliza, Ray aliupitisha ukucha wake juu ya ule uzi kutoka mwanzo mpaka mwisho, haukukwama popote, akaniuliza naishi wapi.

Siku ya kwanza rasmi sikupewa uzi. Ray alinipeleka nyuma, kwenye uwanja wa ndani wa kulenga shabaha, akatandika godoro kuukuu la kitanda cha mtoto miguuni pangu, akanipa upinde mwepesi. Akaniambia nivute, niachie mshale, kisha niudondoshe upinde wenyewe. Nikadhani sijaelewa. Akarudia kwa vidole: huo, hapo chini, dondosha. Mimi natoka kwenye nyumba ambayo mtoto akivunja kikombe mtaa mzima unapata habari. Nilivuta, nikaachia mshale, nikaung'ang'ania ule upinde kama mtoto mchanga. Mshale ulikwenda kwenye ukuta. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilifumba macho nikafungua vidole, upinde ukaangukia godoro, puu, ukalala pale.

"Umeshaudondosha," Ray akasema. "Hakuna aliyekufa. Twende tukafanye kazi."

Ndivyo alivyomfanyia kila mgeni, mfanyakazi na mteja. Alikuwa anaamini, na mimi niliamini baada ya miaka ya kuangalia mikono ya watu, kwamba mkono unaoogopa kudondosha unabana. Ukibana mpini, upinde unajipinda kidogo wakati mshale unatoka, na mshale unakwenda pembeni. Mpini wa upinde unaegemezwa tu kwenye mto wa kidole gumba, vidole vingine vinakaa kama vimesahau kazi yao. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kumfundisha mtu mzima. Kuvuta kila mtu anajua.

Kuhusu kamba ya mkono, Ray hakuwa na maneno mengi. "Kamba ni ya mbwa," alikuwa anasema. Na kwa Buffalo alikuwa na hoja zake. Wawindaji wa kule huvaa glavu nene na makoti yenye vifungo, na kamba inakwama kwenye kila kitu. Theluji ikiingia kwenye msuko inaganda. Zilikuwepo kamba chache dukani, ndani ya boksi chini ya kaunta, na mteja aliyetaka alikuwa anaomba kwa kunong'ona, kama mtoto anayetumwa sigara. Nikaondoka Buffalo nikiwa na imani ya Ray kichwani, na zawadi yake mkononi: kile kifaa chake cha kuzungushia uzi, mpini wake umekwisha kwa jasho la mikono miwili, yake na yangu.

Columbus tulihamia mume wangu alipopata kazi. Tulikaa Linden, ambako kodi ilikuwa nafuu na majirani walikuwa wanabadilika kabla hujawajua majina. Duka la huko lilikuwa kubwa, taa nyeupe, muziki juu ya dari, na msimamizi wangu Denise alikuwa na imani kinyume kabisa na ya Ray. Hakuna upinde ulioruhusiwa kutoka mlangoni kwa Denise bila kamba ya mkono. Mwanzoni nilizifunga kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya mgeni, yaani kwa kuwa ndivyo anavyotaka mwenyewe. Kisha akaja dereva wa mabasi.

Huyu bwana alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mcheshi, mwindaji wa juu ya mti. Hukaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa kwa mikanda kwenye shina, akimsubiri swala apite chini. Asubuhi moja ganzi ilimwingia vidoleni, upinde ukamponyoka, ukagonga jiwe. Akashuka, akaufuta udongo, akautazama, akauona mzima, akapanda nao tena. Alipouvuta, bawa la juu likapasuka. Mabawa ndivyo nilivyozoea kuziita zile pande mbili zinazopinda, na likipasuka linarudi usoni. Alikuja dukani ameshonwa kutoka kwenye nyusi mpaka karibu na sikio. Nilizitazama zile nyuzi kwa jicho la kazi. Daktari alikuwa ameshona vizuri kuliko mimi, na nilimwambia, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu mwingine ulikuwa hauchekeki.

Kuanzia siku ile nikaongoka. Nilifunga kamba kwa kila mtu, na aliyekataa nilimsimulia habari za dereva mpaka akakubali. Na jambo la pili nililotoka nalo Columbus, ambalo nimewapigia kelele ninyi mpaka mkaniigiza sauti jikoni mkidhani sisikii, ni pamba. Upinde ulioanguka hauvutwi. Unachukua kipande cha pamba, unakipitisha taratibu juu ya mabawa yote mawili, mbele, nyuma, kingo zote. Palipo na ufa hata wa unywele, pamba inashika na kuacha nyuzi zake pale. Macho yanadanganywa na rangi, pamba hapana.

Louisville tulikuja kwa ajili ya mwanetu, tukapata nyumba Beechmont, na hapa ndipo mliponikuta. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke Morogoro nilikuwa nasikia Kiswahili kwenye basi kila asubuhi, ingawa kilikuwa Kiswahili cha Kivu na ilinichukua muda kukizoea. Wengi ni watu wa milima ya Kivu Kusini, wafugaji, walokole, watu wa ghalani na viwandani na kwenye nyumba za wazee. Walinijua kama yule mama wa Kitanzania wa upande wa Waislamu, mwenye samosa. Kwamba nilikuwa fundi wa pinde, waliokuwa wanajua walidhani ni utani.

Papa Aline, yaani baba yake Aline, aliingia dukani na binti yake, mwishoni mwa kiangazi. Aline ndiye tuliyemjua, kwa sababu alikuwa amejifunza upinde shuleni, kama watoto wengi wa hapa Kentucky, na baada ya shule hakuuacha. Alikuwa msichana wa ishirini na kitu, muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, mwenye mkono mtulivu kuliko wa mteja yeyote niliyempata mji huu. Baba yake alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya fulana ya ghalani. Marcus, wewe ulikuwa kaunta, ukamwuliza kama anataka kusaidiwa, akakupita akasimama mbele yangu.

"Mama fundi," akasema, "banasema weye njo unajua hii mambo. Unifundishe."

Nikamwuliza anataka kuwinda?

"Miye? Nyama ya pori silake, hata baba yangu hakukulaka. Sisi ni batu ya ngombe." Akamwangalia binti yake aliyekuwa ameshakwenda kujaribu mishale. "Lakini ule ameitwa na rafiki yake wa kazi aende mu shamba ya baba yake, kuwinda. Nilikataa. Akaniambia, bon, papa, twende wote. Unasikia? Ni yeye alisema."

Nilimwambia ni jambo zuri. Akatikisa kichwa, nikaona kwamba kwake halikuwa jambo zuri tu. Alinieleza akiwa ameegemea meza yangu, kwa sauti ya chini ingawa dukani hapakuwa na mteja mwingine. Aline alikuwa amehamia nyumba yake, ng'ambo ya mji. Jumapili anachukua zamu. Akiongea naye kwa lugha yao anajibiwa kwa Kiingereza, na wakikutana ni kwa sababu kuna bili imekuja ya kusomwa. Miaka yote tangu wafike hapa, hiki kilikuwa kitu cha kwanza binti yake kumwomba wafanye pamoja.

"Nikikosa hii," akasema, "donc nitabaki na mutoto wa kwa simu."

Mwenye shamba alikuwa na sharti lake, na mimi nililiona la haki. Kila anayeingia na upinde kwenye ardhi yake apige kwanza mishale mbele yake, yote iingie kwenye duara la ukubwa wa sahani. Hakutaka swala aliyejeruhiwa akatembee na mshale mpaka uani kwa jirani. Aline angepita hata akiwa amefumba jicho moja, na kwa kweli ndivyo wanavyofanya wengi. Baba yake alikuwa na wiki chache za kujifunza kitu ambacho mikono yake ilikuwa imefundishwa kinyume chake tangu utoto.

Mnakumbuka alivyokuwa anashika. Alikuwa anaubana ule mpini mpaka vifundo vinageuka rangi. Mishale ilikwenda kushoto, yote, kwa utiifu mkubwa. Nikamwambia alegeze. Akasema amelegeza. Siku ya tatu au ya nne ndipo aliponieleza. Kwao mtoto wa kiume anapewa fimbo akiwa bado anajikwaa, na fimbo haidondoshwi. Ukiangusha fimbo mbele ya ng'ombe watakudharau, ukiiangusha mbele ya wazee watakucheka mpaka siku unaoa. Alikuwa amechunga miaka mingi, amekimbia vita, amevuka mipaka, na fimbo yake aliiacha kwa hiari uwanja wa ndege, akaiegemeza kwenye ukuta, hakuitupa. Sasa mimi namwambia afungue vidole.

Nikafanya nilichokuwa nakifanya tangu Columbus. Nikatoa kamba ya mkono, ile nzuri ya ngozi nyeusi yenye sponji ndani, nikataka kumfungia. Akauvuta mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Hapana, mama fundi. Hii, hapana."

Nikaitazama ile kamba, nikaitazama kwa macho yake, nikaelewa, na nilitaka kucheka lakini nilijizuia. Ngozi nyeusi, imeshonwa pande zote, imetuna katikati kama kuna kitu kimefichwa, inafungwa mkononi. Na anayeifunga ni mama wa Kiislamu kutoka Tanzania. Kama si hirizi, ni nini? Mzee wa kanisa, mlokole tangu ujana, aende nyumbani na alama ya hirizi mkononi!

Maneno hayakuwa na maana. Nilichukua kiwembe, nikaikata ile kamba mshono kwa mshono mbele yake, nikaifungua kama tumbo la samaki, nikamwonyesha. Sponji ya kijivu, na karatasi ndogo iliyosema imetengenezwa wapi. Aligusa sponji kwa kidole. Marcus, wewe ulikuwa unaniuliza kwa macho kama nimechanganyikiwa, na mimi nilikuwa nakujibu kwa macho kwamba gharama ni juu yangu.

"Mimi nimeona," Papa Aline akasema, kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shida. "Lakini batu ya kanisa, banawezaka wote kuja hapa ubapasulie?"

Nikakusanya vipande vya kamba. Aline alikuwa amesimama nyuma yetu. "Papa, it's just a strap," akasema, na uso wake ulikuwa umeanza kufunga ule mlango ambao baba yake aliniambia habari zake. Alitazama saa. Nikajua kwamba tukiendelea kubishana juu ya kamba, binti ataenda shambani peke yake, kwa adabu zote, na hatamwalika tena. Iliniuma. Mimi nina mtoto mmoja, na naye ananijibu kwa Kiingereza.

Ndipo nikamkumbuka Ray na godoro lake. Godoro hatukuwa nalo. Kwenye gari nilikuwa na blanketi zito lenye picha ya simba, lile la kufunikia viti wakati wa barafu. Nikalikunja mara nne, nikalitandika miguuni kwa Papa Aline pale kwenye mstari wa kulengea, nikamwambia: leo hatupigi shabaha. Leo kazi yako ni moja tu, udondoshe huo upinde.

Alicheka. Kisha akaona sicheki.

"Mbele ya batu?"

"Mbele yetu," nikasema. "Mimi mwenyewe nilidondosha siku ya kwanza. Mbele ya mzungu."

Alivuta. Aliachia mshale, akaubana, mshale ukaenda kushoto. Akavuta tena, vilevile. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Aline akawa amesahau saa yake. Akaja, akapiga magoti pembeni nyuma ya mstari, akalinyoosha blanketi vizuri, simba akatazama juu. Alimgonga baba yake kidogo kwenye goti, kama mtu anavyobisha mlango, akarudi nyuma.

Papa Aline akavuta mara ya tatu. Mshale ulipotoka vidole vyake vikafunguka vyote vitano, upinde ukaenda chini kama gunia, ukagonga blanketi, ukaviringika. Alibaki amenyoosha mkono mtupu mbele, anautazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha tumboni, na Aline akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Marcus, ni wewe uliyetuonyesha kwa kidole upande wa pili. Mshale ulikuwa katikati ya njano, kwenye moyo wa shabaha.

Aliudondosha siku ile mpaka blanketi likachakaa. Siku zilizofuata hakuhitaji kuudondosha tena. Mkono ulikuwa umeshajua kwamba hata ukianguka, dunia itaendelea, na ukawa unaegemea tu mpini, na vidole vimesahau kazi yao. Kamba hakuifunga, wala sikumwambia tena. Mwenye shamba aliwapitisha wote wawili. Aline alinitumia picha, baba na binti na sahani ya karatasi yenye matundu, na baba amevaa lile koti la suti.

Msimu ulipofunguliwa walikwenda. Wiki ilipita, mimi nikiwa katika siku zangu za mwisho, nimeanza kufungasha vifaa vyangu na ninyi mmeanza kuniletea keki nisizoziweza kwa sababu ya sukari. Asubuhi moja Papa Aline akaingia na upinde wake ndani ya mfuko mweusi wa takataka. Aliutoa, akauweka mezani kwangu. Matope yalikuwa yamekauka kwenye vigurudumu vinavyopitisha upote, uzi umechubuka vibaya, na bawa la chini lina alama ya jiwe.

Nikaipapasa ile alama kwa kidole gumba. Kazi yote ile!

"Ulidondoka," nikasema.

"Hapana, mama fundi," akasema. "Haikudondoka. Niliiachilia."

Akavuta kiti. Akanisimulia, na alisimulia polepole, kama mtu anayetaka kila kitu kikae mahali pake.

"Tulikuwa tunavuka kijito. Iko muti ulianguka juu yake, batu banapitaka pale. Aline mbele, miye nyuma. Bon, ule muti ulikuwa na barafu, inateleza kama sabuni. Na chini pale mayi iko nyingi, inakimbia, na mawe. Akateleza. Aliniita." Akaegemea meza yangu. "Aliniita kwa luga yetu, mama fundi. Luga ya nyumbani. Hakuniita kwa Kiingereza."

Nikamwuliza ikawaje.

"Sijui nilifanya je. Nilishitukia mikono yangu yote mbili iko juu yake, hapa." Akajishika kola kwa mikono miwili, ya kulia na ya kushoto. "Nikamuvuta. Tukaanguka pamoja mu matope, upande wa huku. Nikasikia kitu inalia juu ya mawe, kling, kling. Ilikuwa upinde. Inaenda na mayi."

Nikaweka chini kikombe changu. Niliiona kichwani ile kamba nyeusi, ile nzuri. Kama ingekuwa imefungwa, ule mkono ungekwenda na upinde na vyuma vyake vyote, na angebaki na mmoja wa kumshikia mtoto. Yeye naye alikuwa ameshafikiri hivyo, niliona, kwa sababu alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, anaufungua na kuufunga.

Sasa jibu lenu, kwa maneno ya kazi. Mwindaji akishakaa, hasa juu ya mti, na afunge kamba ya mkono, kwa ajili ya ule uso wa dereva wa Columbus. Akisimama kutembea, akipanda ngazi, akivuka maji, akiwa amefuatana na mtu, na aifungue, na muwafundishe kuifungua kwa mkono mmoja. Asiyetaka kabisa msimlazimishe, lakini msimruhusu aondoke mpaka mkono wake umelegea. Hapo mtatumia blanketi. Nimewaachia lile la simba kwenye kabati la nyuma, na kifaa cha Ray cha kuzungushia uzi kimo kwenye droo ya kwanza. Ray alikuwa sahihi kidogo na Denise alikuwa sahihi kidogo, na mimi niliwafuata wote wawili kwa zamu, nikiwa na uhakika mkubwa kila mara.

Ule upinde ulikuwa kazi yangu ya mwisho. Niliuosha, nikaukausha, nikapitisha pamba juu ya mabawa yote, mbele na nyuma na kingo. Pamba ikapita bila kushika. Nikarudia, kwa sababu sikuamini, ikapita tena. Nikaweka upote mpya na kuzungusha uzi katikati, taratibu kuliko ilivyohitajika. Aline alikuja Jumamosi kumchukua baba yake. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akaniamkia, "Shikamoo, mama fundi," Kiswahili kikichechemea, kisha akamgeukia baba yake akamwambia jambo kwa lugha yao. Mimi sikuielewa. Mzee alijibu kwa maneno mengi sana, na binti akamsikiliza mpaka mwisho.

Nikamnyooshea upinde. Papa Aline akaupokea kwa mkono wa kushoto, mpini umeegemea tu kwenye mto wa kidole gumba, na vidole vyake vyote vimelegea.